Mmoja wa Kukataa

Siku waliyokaa kuamua kama Boga aachwe aende zake, hakuna aliyekumbuka kumwambia Mwanasaumu atoke. Hawakumsahau kwa ubaya. Alikuwa pale pale alipokuwa kila siku baada ya alasiri, kwenye mkeka chini ya dirisha la sebule, na cherehani yake ya mkono mbele yake, akishona sare za watoto wa madrasa. Watu wa nyumba ile walikuwa wamezoea kuzungumza mambo yao juu ya kichwa chake, kama watu wazungumzavyo mbele ya mtoto aliyelala. Na Mwanasaumu alikuwa na miaka thelathini na minne.

Ilikuwa Mtongwe, vuli ya mwaka wa tisini na mbili, na mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Aliyezungumza alikuwa Mwidani, kaka yake mkubwa, karani wa ghala moja bandarini, mtu wa sauti ya chini asiyependa majirani wasikie la nyumbani kwake. Alieleza kwa utaratibu, kama anayesoma barua ya kazini. Boga, ndugu yao wa kati, alikuwa mkwezi wa minazi hadi alipoteleza akaanguka na kuvunjika uti wa mgongo. Miezi kumi na minne sasa yuko kitandani, hana habari ya mwili wake kutoka kiunoni kwenda chini. Kidonda cha kulalia kimemfungua mgongo na hakifungi. Na mwenyewe, kwa kinywa chake, amesema amechoka, na kama kuna dawa ya kumpumzisha moja kwa moja, apewe.

Mwidani alikuwa amekwisha kuonana na Abdillahi, dresa mstaafu aliyepita majumbani kudunga sindano na kufunga vidonda, ambaye Mtongwe nzima ilimwita dakta. Abdillahi amekubali. Dawa za kidonda zitaachwa, na Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya sala, ataleta ya kumlaza, alale hivyo mpaka mwisho wake.

"Si kuua," alisema Mwidani. "Ni kumpunguzia."

Mama yao, Bi Mwanabibi, aliyekuwa na ungo wa mchele mapajani, aliuliza kama shehe ameulizwa. Mwidani akajibu kwamba jambo hili halimfai shehe kuulizwa, kwa sababu wanajua atakalosema. Bi Mwanabibi akarudisha macho kwenye mchele wake. Tangu mwanawe aanguke alikuwa amepungua, kanga moja ikimzunguka mara mbili, na neno la kupinga lilikuwa zito kulinyanyua.

Ndipo Mwanarusi, mke wa Boga, akalia. Yeye ndiye aliyemwosha mumewe, aliyefua mashuka alfajiri kabla majirani hawajaamka, aliyelala chumba kingine na binti yao wa miaka tisa kwa sababu ya harufu. Hakuna aliyeweza kusema hakufanya kitu. Alijifuta kwa pembe ya leso akasema, "Mtu wa kukaa mahali pamoja, kubebwa, hawezi hata kusimama akaenda mwenyewe, hayo ni maisha gani, Mama? Wallahi mimi simtakii baya. Sitaki tu aendelee kuaibika."

Cherehani ilisimama.

Mwanasaumu hakuwahi kusimama tangu alipokuwa na miaka minne, homa ilipompitia ikaondoka na miguu yake. Ndani ya nyumba alikwenda kwa viganja, kandambili mikononi, miguu ikifuata. Barabarani alipanda baiskeli ya matairi matatu ya kuzungushwa kwa mikono, aliyopewa na wahisani chuoni alikojifunza ushonaji. Alingoja hasira ipande kifuani, kwa kuwa ilikuwa na haki ya kupanda, lakini haikuja. Kilichokuja kilimshangaza mwenyewe: alitaka kujua. Alitaka kujua tangu lini watu hawa, anaokula nao sinia moja, wanamwangalia na kuwaza hivyo.

"Wifi," aliuliza polepole, "hayo ya mtu wa kukaa mahali pamoja, ni ya Boga peke yake?"

Wote walimgeukia. Mwanarusi alifunika mdomo kwa leso. Mwidani akasema kwamba Mwanasaumu ni mbali, hilo asilichanganye na hili, yeye anafanya kazi, yeye amezoea.

"Nilizoea lini, kaka?"

Mwidani alifikiri kweli, maana alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. Akasema Ijumaa ni Ijumaa, akachukua mwavuli wake akatoka.

*

Jumamosi asubuhi, Mwanarusi alipokwenda kuteka maji, Mwanasaumu aliingia kwa Boga. Kizingiti cha chumba kile kilikuwa kirefu, akakivuka kwa shida. Ilikuwa miezi mingi hajaingia. Aliambiwa kaka yake hataki kuonwa, naye akaliheshimu neno hilo bila kuuliza ni la nani.

Wengine wote huingia wakiwa wamesimama, wakatazama uso wa mgonjwa, wakatoka. Yeye aliingia chini kwa chini, akaona yaliyokuwa chini. Kitanda kimesukumwa ukutani, kwa hiyo Boga hugeuzwa upande mmoja tu, ule unaofikiwa na anayemwosha. Godoro limebonyea katikati, limelowa. Mpira wa mkojo umekanyagwa na mguu wa kitanda. Aliuchomoa kwanza, akaunyoosha, akakaa kitako akamsalimu.

Aliuliza anageuzwa mara ngapi kwa siku. Boga akajibu mara moja, wakati wa kuoshwa. Akauliza homa huja saa ngapi. Jioni. Akauliza nani aliyesema kitanda kikae ukutani. Boga hakujua. Kiliwekwa hivyo siku aliyorudi kutoka hospitali, ili chumba kipate nafasi.

"Unataka kufa?" aliuliza Mwanasaumu.

Kwa siku zote zile neno lenyewe lilikuwa halijatamkwa. Walisema kupumzika, walisema kwenda zake. Boga aligeuza shingo amwone vizuri. Ndevu zake zilikuwa zimekua ovyo na macho yameingia ndani, lakini mikono ilikuwa bado ile ya mkwezi, mipana, yenye sugu.

Alimwambia asimsumbue. Alimwambia yeye amekuwa hivi tangu utoto, hajui mtu anapoteza nini.

"Kweli sijui," alisema Mwanasaumu. "Niambie."

Alidhani hatamwambia. Lakini Boga akaanza kusimulia kulivyo juu ya mnazi. Shina huyumba ukifika kileleni, na kifua chako huyumba nalo. Meli zilizotia nanga Kilindini huziona mpaka sitaha zao, mabaharia wameanika fulana. Sauti za watu wa chini hukufikia zimechelewa kidogo, kama zilipumzika njiani. Mwanasaumu alisikiliza mdomo wazi. Miaka yote akila nazi za kaka yake, hakuwahi kumuuliza habari hiyo, na kaka hakuwahi kudhani yeye angependa kuijua.

"Basi ndiyo hayo unayoyalilia?"

Boga akasema hapana. Minazi aliililia miezi ya kwanza, ikaisha. Akaeleza mambo madogo, moja moja, kwa sauti kavu. Mama mkwe wake alikuja kumtazama akakaa mlangoni na kanga puani. Binti yake alikuwa akimletea daftari la hesabu amsahihishie, siku hizi haingii, na hakuna anayemwambia kwa nini. Siku moja mchana, wakidhani amelala, alimsikia Mwanarusi akimwambia jirani kwamba bora angekwenda siku ile ile chini ya mnazi.

"Nikaona niwape wanachokitaka kabla hawajanichukia," alisema. "Nilipomwambia Mwidani nilikuwa nikimtazama usoni. Nilitaka kuona atafanya nini."

"Alifanya nini?"

"Alinishika mkono, akalia. Akasema sawa."

Nje ndoo za Mwanarusi ziligonga sakafu ya uani. Boga alisema kwa haraka, kama anayetaka kumaliza kabla ya kukutwa, "Usidhani ni mchezo. Mgongo wangu unanuka, Mwanasaumu. Mimi mwenyewe nausikia. Ukiniuliza leo, sijui nitakujibu nini. Usiniulize tena."

*

Jumanne, kabla jua halijakolea, Mwanasaumu alivuka na feri ya Mtongwe akiwa juu ya baiskeli yake, akatokea upande wa bandarini. Hakumwambia mtu anakokwenda, na hakuna aliyeuliza. Alipita Shimanzi kwenye vumbi la malori, akakata Makupa upepo ukimpiga ubavuni, na kilima cha Changamwe kikamshinda katikati. Wapakizi wawili wa saruji walimsukuma hadi juu wakicheka, wakamuuliza mumewe yuko wapi amwache ateseke hivi. Aliwashukuru, hakuwajibu. Ilikuwa karibu adhuhuri alipofika Mikindani, viganja vimevimba, kwenye kibanda cha Musyoka kando ya barabara ya Nairobi.

Musyoka alikuwa mtu wa bara, Mkamba, aliyekuja Pwani kuwa turniboi, msaidizi wa dereva wa lori. Lori lilipopinduka lilimlalia kiunoni. Walijuana chuoni, yeye akijifunza ushonaji wa viatu. Sasa alikaa kwenye kiti cha magurudumu alichokiunganisha mwenyewe kwa vyuma vya baiskeli, akiziba pancha na kushona ndala za madereva, mkewe akiuza chai upande wa pili wa kibanda.

Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kazi. Kisha akauliza kuhusu kidonda: kina ukubwa gani, kinatoa nini, mgonjwa anakula. Alipojibiwa akaweka nyundo chini.

"Mtu ako na usaha mwilini na homa kila jioni hawezi kupenda kesho," alisema. "Hata wewe huwezi. Hicho kidonda kinasema kwa mdomo wake, na nyinyi mnasikia Boga."

Mwanasaumu akamuuliza kama yeye aliwahi kutaka.

Musyoka alikiri bila aibu. Wodini, mwaka wa kwanza, aliomba afe. Kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na kijana mzima wa miguu yote, aliyeletwa kwa kujaribu kujiua baada ya kuachwa na mchumba. Yule alilindwa mchana kutwa. Wauguzi walikaa naye, mchungaji aliitwa, mama yake alilala sakafuni.

"Sisi wawili tulisema neno moja, dada. Yeye walimzuia. Mimi walinielewa." Alitikisa kichwa. "Nesi mmoja mzuri sana alinipapasa bega, akaniambia, hata mimi ningekuwa wewe ningetaka hivyo. Alinihurumia kabisa. Sijawahi kuogopa mtu vile nilimuogopa huyo."

Mwanasaumu aliligeuza neno hilo kichwani. Bado lilikuwepo swali, na hakutaka kuondoka nalo. Je, kidonda kikipona, kitanda kikasogezwa, mtoto akarudi na daftari lake, na bado Boga akasema anataka kufa?

"Sijui," alisema Musyoka. "Hapo itakuwa ni yeye anaongea. Tutakaa na yeye tumuulize kwa nini, na tutamuomba abaki, vile tungemuomba mtu yeyote. Lakini kwa sasa hakuna mtu amemuuliza kitu. Wamekubali tu."

Alimwambia atakuja Ijumaa. Mkewe akampa Mwanasaumu chai na mkate, akamtafutia lori tupu linaloshuka bandarini, wakamfungia baiskeli nyuma kwa kamba.

*

Ijumaa Musyoka alifika mapema, mwanawe mkubwa akimsukuma. Bi Mwanabibi alimkaribisha kwa adabu zote bila kujua ni mgeni wa nani. Watu walipotoka msikitini, Mwidani aliingia na Abdillahi, mzee msafi mwenye kanzu iliyopigwa pasi na mfuko mweusi wa ngozi. Walikuta Mwanasaumu ametandika mkeka wake mlangoni mwa chumba cha Boga, amekaa juu yake, mgongo kwenye mwimo mmoja, miguu imefika mwimo wa pili.

Hapakuwa na nafasi ya kupita ila kwa kumruka. Na Abdillahi, mtu aliyekulia Pwani, hakuweza kumruka mtu mzima kama anavyorukwa mtoto au maiti. Akasimama na mfuko wake.

Mwidani alimwambia dada yake asogee. Alisema kwa upole, kisha si kwa upole. Mwanasaumu aliitika kila mara, "Labeka, kaka," wala hakusogea.

"Dakta," alisema, "nina swali. Ukishamaliza kwa Boga, mimi utanipangia Ijumaa gani?"

Abdillahi alishtuka, akasema Mungu aepushe, yeye hana neno naye, wala yeye hakumwomba lolote.

"Nikikuomba?"

Mzee alimtazama miguu kabla ya kumtazama uso. Ilikuwa nukta moja tu, lakini wote waliiona. Akasema, pengine, kama angekuwa na maumivu makubwa, kama angekuwa amechoka kabisa, ingebidi wazungumze.

"Na Kaka Mwidani akikuomba? Naye huchoka. Ana maumivu ya tumbo miaka mingi."

"Mwidani ni mzima," alisema Abdillahi. "Yeye ningemwambia huyo ni shetani, akatie udhu, aswali, na ningekaa naye mpaka..." Hakumaliza. Alikuwa amelisikia neno lake mwenyewe. Alihamisha mfuko kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, akatazama sakafu.

Kutoka ndani sauti ya Boga ikatoka, hafifu lakini wazi.

"Nilingoja mmoja wenu akatae. Nimengoja siku kumi na saba. Nilikuwa nikihesabu."

Mwanarusi alikuwa amesimama kwenye ujia. Alijishika ukutani akashuka taratibu mpaka chini, akakaa kimo kimoja na Mwanasaumu. "Mimi nilidhani kukataa ni kukuonea," alisema, akielekea chumbani, asiweze kumwona aliyemsemesha. "Nilidhani nikikwambia ubaki, nitakuwa nakubakisha kwa ajili yangu."

"Ungenibakisha kwa ajili yako," Boga alijibu. "Ningefurahi."

Abdillahi aliondoka bila kuaga vizuri. Mwidani hakumsindikiza. Alibaki katikati ya sebule, mikono imemning'inia, kisha, kwa kuwa alikuwa karani na alihitaji kupewa la kufanya, akamgeukia mgeni asiyemjua na kumuuliza waanze wapi.

"Hicho kitanda," alisema Musyoka. "Mkitoe kwa ukuta."

*

Jumamosi walimpeleka hospitali, na alikaa wodini miezi minne. Palipokatwa palikatwa, palipoungwa paliungwa, na mara mbili homa ilitaka kumchukua kweli, Mwanarusi akaapa kila mara mbele ya wauguzi kwamba haondoki mpaka waje wamgeuze. Mwidani kwa muda mrefu hakuweza kula nyumbani. Alikuja, akasalimu, akasema ameshiba. Bi Mwanabibi ndiye aliyemaliza jambo hilo: siku moja alimwekea sahani mkononi akasimama mbele yake mpaka akala.

Boga alirudi akiwa na kovu la upana wa kiganja na amri ya kugeuzwa kila baada ya saa mbili. Kizingiti kilivunjwa. Musyoka alimuunganishia kiti cha magurudumu kama chake, na mto wa kukalia wa mipira ya magari; mto wa kwanza ukavuja, wa pili ukafaa. Alipoweza kukaa, alianza udalali wa nazi, kwa kuwa alijua mnazi gani wa shamba la nani huzaa vipi, na wakwezi vijana walikuja kumsikiliza barazani.

Isingekuwa kweli kusema kwamba alifurahi kuanzia hapo. Kulikuwa na siku alirudia lile neno. Siku hizo Mwanasaumu alikwenda akakaa naye, akamuuliza, "Leo ni nini?" Mara nyingi kulikuwa na kitu: joto, mkojo uliomwagika mbele ya wateja, ugomvi na Mwanarusi. Kitu chenyewe wakakitafutia dawa, au wakakitukana pamoja. Siku moja alijibu kwamba leo si kitu chochote, ni hilo tu. Mwanasaumu alivuta mkeka akakaa naye mpaka adhana ya magharibi, na kesho yake akarudi tena kabla hajaitwa.

Ilikuwa mwaka wa pili, mchana mmoja wa kaskazi, wamekaa barazani wawili, wateja hawapo. Boga alikuwa akimtazama dada yake akivuta uzi kwenye tundu la sindano.

"Mwanasaumu."

"Labeka."

"Ukilala ukaota, huwa unatembea?"

Aliacha uzi. Katika nyumba ile, katika maisha yake yote, hakuna aliyewahi kumuuliza kitu cha namna hiyo, na alitaka kukijibu sawasawa.

"Huwa niko hivi hivi," alisema. "Kandambili mikononi. Naota niko Changamwe, naota niko harusini, naota nimemjibu vibaya Mama. Mara moja tu niliota nimesimama."

"Ikawaje?"

"Nilikuwa mrefu sana, kaka. Sikuona nilikoweka cherehani yangu."

Boga alicheka mpaka akalazimika kujishika kwenye magurudumu. Kisha akasogeza kiti chake karibu na mkeka, akamwomba amsimulie ndoto ya harusini.